Jinsi ya Kulinganisha Tovuti za Kutafutia Tiketi za Ndege, Hatua kwa Hatua

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Tovuti ipi ina tiketi za bei nafuu?" Hakuna. Iliyokupa nauli nzuri leo inaweza kushika mkia kesho kwa safari nyingine, kwa sababu nyingi zinachota bei kutoka kisima kimoja. Kinachozitofautisha ni maswali zinayokuruhusu kuuliza. Moja inakuonyesha mwezi mzima kwa mkupuo, nyingine inakubali viwanja saba kwenye kisanduku kimoja, na nyingine haisemi kama begi limo kwenye bei mpaka ufike mlangoni mwa malipo. Ukishajua ipi inajibu swali gani, utajua pa kuanzia na pa kumalizia.

Fuata mwongozo huu ukiwa na safari halisi mkononi, si ya kubuni. Tofauti za tovuti hizi hazionekani vizuri mpaka uwe na tarehe na mizigo yako mwenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta, ukiweza kuipata. Simu inatosha kununulia tiketi, lakini kulinganisha tovuti nne kwenye kioo cha simu ni mateso, na vichujio vingi (vitufe vya kupunguza matokeo) huko vimefichwa nyuma ya menyu.
- Tarehe, pamoja na kiasi unachoweza kusogea. "Naweza kuondoka kati ya tarehe 8 na 12" inakusaidia kuliko "tarehe yoyote".
- Idadi ya abiria, na umri wa watoto siku ya kusafiri. Mtoto wa chini ya miaka 2 ana nauli yake. Akitimiza miaka 2 kabla ya kurudi, kwa kawaida atahitaji kiti chake wakati wa kurudi, kwa hiyo mhesabu hivyo tangu mwanzo.
- Mizigo: mfuko mdogo wa chini ya kiti, begi la kabini, masanduku ya kupakia. Andika idadi na uzito.
- Pasipoti, na jibu la kama unahitaji viza ya kupita kwenye nchi utakazobadilishia ndege.
- Karatasi au jedwali lenye safu hizi: tovuti, muuzaji, shirika linalorusha ndege, bei ya mwisho, mizigo iliyomo, masharti ya kubadilisha na kurudishiwa pesa, saa uliyotazama.

Hiyo safu ya mwisho watu huipuuza. Bei ya asubuhi na bei ya usiku hazilinganishwi.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Tovuti hizi ziko za aina tatu. Kuna watafutaji, kama Google Flights, Skyscanner, Kayak na momondo, ambao kazi yao hasa ni kukusanya bei na kukupeleka kwa muuzaji. Kuna mawakala wa mtandaoni, kama Expedia, Trip.com na Kiwi.com. Hawa ndio wanaopokea pesa yako, na ndio utakaowaendea ukitaka kubadilisha tiketi. Halafu kuna tovuti za mashirika ya ndege yenyewe.

Nyuma ya pazia ipo mifumo mikubwa mitatu, Amadeus, Sabre na Travelport, ambamo mashirika mengi huweka nauli na viti vyao. Ndiyo maana bei hufanana. Zikitofautiana, tofauti hiyo hutokana na ada ya wakala, na nauli ambazo shirika limezibakiza kwenye tovuti yake, au na bei iliyopoa: iliyohifadhiwa saa kadhaa zilizopita na bado inaonyeshwa.

Hatua ya 1: Chagua tovuti zisizo za tumbo moja

Kayak, momondo na Cheapflights zote ni za Booking Holdings, mmiliki yuleyule wa Booking.com, Priceline na Agoda. Expedia, Orbitz, Travelocity na CheapTickets ni za Expedia Group. Skyscanner ilinunuliwa mwaka 2016 na kampuni ambayo leo inaitwa Trip.com Group. Kwa hiyo mtu anayefungua Kayak, kisha momondo, kisha Cheapflights, akakuta bei ni ileile, asidhani amepata mashahidi watatu.

Chukua moja kutoka kila ukoo: Google Flights, Skyscanner, moja kati ya Kayak na momondo, na wakala mmoja unayemfahamu. Nne zinatosha. Ukifika ya saba unajichosha tu, na bei zenyewe zitakuwa zimebadilika kabla hujamaliza.

Mwenye subira aongeze ITA Matrix. Google iliinunua kampuni ya ITA Software mwaka 2011, na Google Flights ikatoka mwaka huohuo. Matrix haiuzi tiketi na sura yake ni kavu, lakini unaweza kuiuliza kitu kama "nionyeshe safari ya usiku 10 hadi 14 ndani ya mwezi huu", na mwishoni inakuchambulia nauli na kodi moja moja. Kwa anayetaka kuelewa pesa yake inakwenda wapi, hakuna kama hiyo.

Hatua ya 2: Sawazisha kila kitu

Kabla hujaandika jina la mji wowote, nenda kwenye mipangilio ya kila tovuti uweke sarafu moja, nchi moja na lugha moja. Tovuti hubahatisha mahali ulipo na kukuwekea sarafu yake, kisha wewe unalinganisha namba mbili zisizo za fedha moja.

Halafu hakikisha kote umeweka daraja lilelile na aina ileile ya safari. Nyingi huanza na safari ya kwenda na kurudi, kwa abiria mmoja, daraja la kawaida. Usipogusa hapo, utatafutiwa hivyohivyo hata kama mko watano.

Tarehe uichague kwenye kalenda badala ya kuiandika kwa vidole. Tovuti zenye mpangilio wa Kimarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 04/07 ni Aprili 7 kwao, na kwingine ni Julai 4. Kosa hili halitoi onyo lolote. Utapewa matokeo mazuri kabisa ya siku usiyosafiri.

Hatua ya 3: Anza kwa upana

Hapa ndipo tovuti zinapoachana kweli, kwa hiyo usiharakishe.

*Kama mahali unapajua ila tarehe zinasogea*, anza na Google Flights. Fungua kalenda na utaona bei chini ya kila siku. Ukishatafuta, kuna jedwali la tarehe linalokutanisha siku za kuondoka upande mmoja na siku za kurudi upande mwingine, na kuna grafu ya bei inayoonyesha jinsi safari ya urefu uleule inavyopanda na kushuka wiki baada ya wiki. Inafanya hayo kwa kasi ambayo sijaiona kwingine, na kwa mtu anayeanza hiyo kasi ndiyo faida, maana unaweza kujaribu michanganyiko mingi bila kuchoka. Skyscanner nayo inakuruhusu kuchagua mwezi mzima, au hata kuiachia ikutafutie mwezi wenye bei ya chini. Kayak inakupa siku moja hadi tatu kabla au baada ya tarehe yako, na hiyo inamtosha mtu mwenye likizo ya siku zilizopangwa.

*Kama tarehe unazijua ila mahali hujaamua*, Skyscanner inakubali neno Everywhere (yaani popote) kwenye kisanduku cha unakoenda, kisha inapanga nchi kuanzia zenye bei ya chini. Google Flights na Kayak zina ramani, kila moja kwenye ukurasa wake wa Explore. Mimi napenda ramani zaidi, kwa sababu orodha haikuonyeshi kwamba mji wa tatu uko mwendo wa treni tu kutoka mji wa kwanza.

*Kama unataka kupita miji kadhaa bila kujali mpangilio*, Kiwi.com ina kifaa kinachoitwa Nomad: unaingiza miji na usiku utakaolala kila mahali, nacho kinajaribu mipangilio na kukuletea wa bei ndogo. Hata usiponunua kwao, unaondoka na wazo.

Tahadhari: bei za kwenye kalenda na ramani ni za kukuongoza tu. Mara nyingi zimetokana na utafutaji uliofanywa muda uliopita. Usiandike bei ya kalenda kwenye jedwali lako. Andika tarehe, kisha uitafute upya.

Hatua ya 4: Jaribu viwanja jirani

Kila uwanja una herufi tatu, na baadhi ya miji mikubwa ina herufi zake zinazobeba viwanja vyote. LON inajumuisha Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN), Luton (LTN) na London City (LCY). TYO ni Haneda (HND) na Narita (NRT) kwa pamoja. Andika herufi za mji kwanza uone bei, halafu chuja.

Google Flights inakubali hadi viwanja saba upande wa kutoka na saba upande wa kwenda, hata kama vipo nchi tofauti. Tovuti nyingine zina kisanduku cha kuweka tiki ili zitazame viwanja vya karibu.

Ila hesabu na nauli ya nchi kavu. Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, wakati Haneda iko ndani ya mji wenyewe. Tiketi iliyoshuka bei kidogo inaweza kumezwa yote na treni, hasa ukitua usiku wa manane.

Hatua ya 5: Weka vichujio kabla ya kutazama bei

Jicho likishaona namba ndogo, halisikii tena. Chuja kwanza.

Anza na mizigo. Google Flights na Kayak zina kichujio cha mabegi ambacho, pale taarifa zinapopatikana, huongeza ada ya begi kwenye bei unayoiona, na mpangilio wa matokeo unabadilika mbele yako. Nauli iliyokuwa kileleni mwa orodha mara nyingi huteremka hadi katikati, kwa sababu ilikuwa ya kiti na mfuko mdogo tu. Tovuti isiyo na kichujio cha mabegi usiitupe, ila usiamini mpangilio wake.

Kisha idadi ya vituo, halafu muda wa jumla wa safari. Saa za kuondoka na kutua ziache mwisho, maana ukibana sana mwanzoni unajifungia nje ya matokeo mazuri.

Baada ya hapo angalia matokeo yamepangwaje. Tovuti nyingi hukutanguliza kwenye mpangilio zinaouita "bora", ambao unachanganya bei, muda na vituo kwa fomula yao. Tangu mwaka 2024 Google Flights ina vichupo (tabs) viwili tofauti, kimoja cha safari bora na kingine cha nauli za chini kabisa, na nauli za kichupo cha pili si lazima uzikute kwenye cha kwanza. Kwingine safu ya kwanza ni tangazo lililolipiwa. Tafuta maandishi madogo pembeni yake kabla hujaishangilia.

Hatua ya 6: Soma mstari mmoja mpaka mwisho

Chukua matokeo mawili au matatu yaliyobaki. Tuseme mstari mmoja unasomeka hivi:

00:20 – 21:45 +1 · saa 41 dk 25 · vituo 2 · inarushwa na shirika jingine

*00:20.* Ni saa sita na dakika ishirini usiku. Ikiwa tarehe ya tiketi ni 15, unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Sisi tunaohesabu usiku kama kitu kimoja tunanaswa sana hapa: mtu anasoma "tarehe 15 usiku", anafika uwanjani tarehe 15 saa tatu usiku, kumbe ndege iliondoka karibu saa 21 zilizopita. Tovuti nyingi zinatumia saa 24, nyingine zinaweka AM na PM. Geuza kila saa kwenda kwenye saa unayoizoea na uiandike kwa maneno.

*+1.* Unatua siku inayofuata. Hoteli ihesabiwe kutoka hapo.

*Saa 41 dk 25.* Saa za kuondoka na kutua ni za mahali husika. Ukizihesabu hapa unapata saa 45 na dakika 25. Zile nne zilizopotea ni tofauti ya majira, maana unakoenda kuko mbele kwa saa nne. Kwa kulinganisha tiketi, tumia muda wa jumla ulioandikwa, si hesabu yako ya kichwani.

*Vituo 2.* Bofya uvifungue. Tazama unasubiri muda gani kila kituo, kama unalala hapo, na kama uwanja unaotua ndio uleule unaoondokea. Kutua Gatwick na kuondokea Heathrow ni kutoka nje ya uwanja kabisa na kupita uhamiaji. Tazama pia kama kuna maneno ya kukutaka ujiunganishe mwenyewe. Nitayarudia chini.

*Inarushwa na shirika jingine.* Jina kubwa ulilobofya ni la muuzaji wa namba ya safari, na ndege ni ya mwenzake. Sheria za mabegi na mahali pa kujisajili (check-in) zinaweza kufuata huyo mwenzake.

Hatua ya 7: Nenda hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, na ndiyo inayotoa jibu. Kutoka kwenye tovuti ya utafutaji bofya uende kwa muuzaji, jaza kinachohitajika ili kusonga mbele, kataa viti vya kuchagua, bima na "huduma maalumu", mpaka ufike panapodai namba ya kadi. Simama hapo. Namba iliyopo sasa ndiyo inayoingia kwenye jedwali.

Angalia visanduku vilivyokwisha wekwa tiki. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kanuni 1008/2008 inataka bei ya mwisho ionyeshwe ikiwa na kodi na ada zisizoepukika, na nyongeza za hiari uzichague mwenyewe. Marekani nayo tangu 2012 inataka bei inayotangazwa iwe na kodi zote ndani. Kwingineko usitegemee hilo. Na hata huko, begi na kuchagua kiti mara nyingi ni nyongeza, kwa hiyo huwa haviko ndani ya bei inayotangazwa.

Angalia pia sarafu utakayokatwa. Wapo wauzaji wanaojitolea kukugeuzia fedha kwa viwango vyao. Chagua kulipa kwa sarafu ya muuzaji na uiachie benki yako igeuze, isipokuwa unajua benki yako ni mbaya zaidi.

Hatua ya 8: Jaribu abiria mmoja, kisha wote

Ndege haina bei moja. Viti vya daraja la kawaida vimegawanywa kwenye makundi ya nauli, na kundi la chini likibakiwa na viti viwili huku ninyi mko wanne, mfumo kwa kawaida huwapeleka wote wanne kwenye kundi la juu ambalo lina viti vinne. Tafuta kwa mtu mmoja, andika bei, kisha tafuta kwa wote. Ikiwa bei ya kila kichwa imepanda, inaweza kuwa nafuu kununua mara mbili. Lakini mtoto asiwekwe kwenye tiketi ya peke yake, na mjue kwamba ndege ikifutwa mtapangiwa upya kila kundi kivyake.

Jaribu pia tiketi mbili za njia moja badala ya kwenda na kurudi. Kayak hukuunganishia yenyewe, inachukua shirika moja la kwenda na jingine la kurudi. Kwa safari fupi mara nyingi inalipa. Safari ndefu za kuvuka bahari huwa kinyume, kwani kwenye mashirika mengi ya kawaida njia moja inaweza kukaribia bei ya kwenda na kurudi.

Hatua ya 9: Malizia kwenye tovuti ya shirika

Chukua namba ya safari iliyoshinda, fungua tovuti ya shirika lenyewe, itafute tarehe ileile. Tofauti ikiwa ndogo, nunua huko. Simwambii mtu awakwepe mawakala, wapo wazuri. Lakini ndege ikifutwa saa kumi alfajiri, shirika linaweza kukuambia urudi kwa aliyekuuzia, na aliyekuuzia huenda amelala.

Kuna na faida nyingine kwa safari za kwenda au kutoka Marekani: kanuni zao zinayataka mashirika yakuruhusu kufuta tiketi ndani ya saa 24 na kurudishiwa pesa yote, au kushikilia bei kwa muda huo bila malipo, iwapo umenunua siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka. Kanuni hiyo inayabana mashirika, haiwabani mawakala.

Hatua ya 10: Weka arifa, au nunua

Kama safari bado iko mbali, weka arifa ya bei kwenye tovuti mbili. Google Flights inataka uwe umeingia kwenye akaunti, na inakupa uchaguzi wa kufuatilia tarehe maalumu au tarehe zozote. Skyscanner na Kayak nazo zina arifa. Lebo zinazosema bei ni ya chini, ya kawaida au ya juu zichukue kama maoni ya mtu anayeijua historia ya njia hiyo. Ya kesho hayajui. Ukishanunua, zima arifa zote. Hazina kazi tena isipokuwa kukunyima usingizi.

Makosa yanayogharimu

*Kujiunganishia ndege bila kujua.* Baadhi ya mawakala huunganisha tiketi za mashirika yasiyo na makubaliano. Ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka bila deni kwako. Mara nyingi unachukua begi, unapita uhamiaji, unajisajili upya, na hapo viza inaweza kudaiwa. Kiwi.com inauza dhamana yake kwa hali hizi. Isome kabla ya kuitegemea, na acha muda mrefu kabla ya hiyo ndege ya pili.

*Kushukia katikati.* Kuna wanaonunua tiketi ya kwenda mbali ili washuke kituo cha kati kwa sababu ni nafuu. Mashirika mengi yanakataza. Ukiruka kipande kimoja, vilivyobaki vyote vinafutwa, pamoja na safari ya kurudi. Na begi la kupakia linaendelea na safari bila wewe.

*Kuamini kwamba tovuti inakupandishia bei kwa sababu umetafuta mara nyingi.* Kufungua dirisha la siri la kivinjari (incognito) hakudhuru, ila usilitegemee. Kinachopandisha bei mara nyingi ni kundi la nauli kuisha au bei iliyopoa kusasishwa.

*Kumchagua muuzaji kwa bei tu.* Mtafutaji anaweza kukupa majina kumi ya wauzaji kwa ndege moja. Jina usilolijua, lililo chini ya wengine kwa kiasi kidogo, lipite. Akiba hiyo hailingani na simu isiyopokelewa.

Mambo yakikwama

*Bei imepanda nilipobofya.* Ilikuwa imepoa. Rudi, tafuta upya, mjaribu muuzaji wa pili kwenye orodha. Ikipanda kwa wote, basi ndiyo bei.

*Shirika ninalolijua halionekani.* Si wote wanaoonekana kila mahali. Southwest ya Marekani ilikaa nje ya Google Flights kwa miaka mingi hadi 2024, na Ryanair imevutana muda mrefu na mawakala wa mtandaoni. Tafuta orodha ya mashirika kwenye tovuti ya uwanja unakokwenda, kisha fungua yale usiyoyaona.

*Hakuna matokeo kabisa.* Huenda tarehe iko mbali mno, maana mashirika mengi hufungua mauzo kama miezi 11 kabla. Au mko zaidi ya 9, ambao ni ukomo wa mifumo mingi kwa utafutaji mmoja, na hapo muulizie nauli ya kundi kwa shirika lenyewe. Au vichujio vya utafutaji uliopita bado vimekaa. Vifute.

*Ndege ileile, bei mbili mbali kabisa.* Linganisha masharti. Moja huenda ni nauli ya msingi isiyo na begi wala ruhusa ya kubadilisha.

*Nimelipa, nimepata barua pepe, lakini shirika halioni tiketi.* Zipo namba mbili. Ya uhifadhi ina herufi na tarakimu 6, na inaonyesha tu kwamba kiti kimeombwa. Ya tiketi ina tarakimu 13, tatu za kwanza zikiwa za shirika. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili, tiketi bado haijatolewa. Muulize wakala kama namba yake ya uhifadhi ni ya kwake au ni ya shirika, maana wengine hukupa ya ndani ambayo shirika haliijui. Omba zote mbili kwa maandishi, na usinunue tiketi nyingine mpaka akujibu kama ya kwanza imetolewa au pesa inarudi.